JIKONI MWETU: Wali wa Kukaanga wa Kivietnam, Chakula cha Haraka Kinachoanza Jana



Ni mama gani asiyeijua saa kumi na mbili ya jioni? Mama anayeishi Kibaha na kufanya kazi au biashara Dar es Salaam hushuka Maili Moja jua likiwa limekwisha kuzama. Watoto wametoka shule zamani, mkaa haujawashwa, na mdogo wao amekwisha kulia mara mbili akitaka chakula. Mwenzake wa Kisarawe, upande wa Masaki au Maneromango, anatoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Hawa wawili hawafahamiani, lakini swali lao ni moja: leo tule nini, tena upesi?

Mwezi huu tunaleta jibu la Wavietnam. Ni wali wa kukaanga kwa mayai, mboga na dagaa, na karai likishapata moto hauchukui zaidi ya robo saa. Vitu vyake vyote vinapatikana katika masoko yetu. Hata hivyo, akina mama, chakula hiki kina sharti moja ambalo hapana budi kulishika, nalo tutalieleza kabla hatujawasha moto, kwa maana linahusu afya ya watoto wetu.

Wenzetu wanaokula wali kama sisi

Kwa Wavietnam wali ndio chakula chenyewe. Neno lao "com", lenye maana ya wali, hutumika pia kwa maana ya mlo, hata mtu anayekwenda kula husema anakwenda kula wali, ingawa mezani vipo vitu vingine. Kukaanga wali walijifunza kwa jirani zao Wachina, kisha wakautia ladha ya kwao. Katika nyumba nyingi za kaskazini mwa nchi hiyo, wali uliobaki jioni hukaangwa asubuhi ili watoto wale kabla ya kwenda shule. Bila shaka umekwisha kutambua jambo hilo. Ni kiporo! Sisi hukila na chai, wao hukipitisha kwenye karai.

Ladha ya kwao hutokana na maji ya samaki yanayoitwa "nuoc mam". Hupatikana kwa kulaza samaki wadogo na chumvi nyingi ndani ya mapipa kwa muda wa miezi mingi, kisha kuchuja yale maji yanayotoka. Kisiwa cha Phu Quoc kina sifa kubwa kwa kazi hiyo. Samaki wenyewe huitwa "ca com", yaani samaki wali. Nao ni wa ukoo mmoja na dagaa wanaovuliwa Bahari ya Hindi, wale ambao sisi twawaita dagaa mchele. Wao wamemwita wali, sisi tumemwita mchele. Kwa hiyo usihangaike kutafuta chupa kutoka ng'ambo. Ladha hiyo unayo sokoni, kwenye fungu la dagaa.

Kitu kingine kinachotuunganisha nao ni korosho. Mkoa wetu wa Pwani, Kisarawe ikiwamo, ni mkoa wa mikorosho. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa zikiwa ghafi, na wanunuzi wake wakubwa ni India na Vietnam, ambako hubanguliwa na kuuzwa tena duniani kote. Basi konzi moja ya korosho juu ya wali huu ni mapambo yaliyo haki yetu kabisa.

Kwa nini wali uwe umepoa?

Wali uliotoka jikoni sasa hivi una unyevu mwingi na punje zake ni laini. Ukiutia kwenye mafuta na kuugeuza, punje hushikana na kupondeka, nawe utapata bokoboko lenye mafuta. Wali uliopoa ni tofauti. Wanga wake umekaza, maji ya juu yamekauka, na kila punje husimama peke yake. Ukiugeuza kwenye karai lenye moto mkali hutawanyika kama njugu. Ndiyo sababu tunasema chakula hiki cha haraka huanza jana, au angalau huanza saa moja kabla ya kukaanga.

Uwe wali mweupe, uliopikwa kwa chumvi kidogo na maji pungufu. Wali wa nazi, ambao sisi watu wa Pwani hatuwezi kuishi bila huo, haufai kwa kazi hii. Tui huzifanya punje zishikane, tena wali wake huchacha upesi kuliko mweupe. Siku ya nazi kuleni wali wote umalizike.

Hatari iliyojificha ndani ya kiporo

Sasa tufike kwenye lile sharti. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakisema habari za wali.

Ndani ya mchele mkavu mara nyingi huwamo mbegu za kijidudu ambacho wataalamu hukiita Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu huamka, vijidudu huongezeka na kutoa sumu. Sumu yenyewe haina harufu wala rangi. Jambo baya zaidi ni kwamba haiondoki hata ukiurudisha wali motoni. Mama anaweza kukaanga mpaka wali ukalia, na sumu isiondoke. Mtu akiula, kwa kawaida huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita. Aina nyingine ya kijidudu hicho huleta tumbo la kuhara baadaye, baada ya saa nyingi zaidi.

Utasikia mtu akisema, "Sisi tumekua kwa kiporo na hatukufa." Ni kweli, si kila kiporo kina sumu, na mtu mzima mwenye nguvu hutapika akapona kwa siku moja. Lakini tumbo la mtoto wa miaka miwili si la baba yake. Mtoto akitapika mara tano huishiwa maji mwilini upesi, nasi husema labda ni embe mbichi, labda ni chango, labda ni jicho la watu. Sufuria iliyolala jikoni usiku kucha hatuiulizi.

Katika joto la Pwani hatari hiyo ni kubwa zaidi. Tena kuna desturi mbili zinazoiongeza. Ya kwanza ni kuuacha wali katika sufuria ileile, umefunikwa vizuri, mpaka asubuhi. Sufuria iliyojaa huhifadhi joto katikati kwa saa nyingi, na vuguvugu hilo ndilo vijidudu wanalolipenda. Ya pili ni kuacha sufuria juu ya majivu yenye joto ili aliyechelewa akute chakula cha uvuguvugu. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini ni afadhali aliyechelewa apashiwe chakula kilichohifadhiwa vyema kuliko kukikuta kimelala vuguvugu.

Kwa mwenye jokofu

Mama wa Kibaha mwenye umeme na jokofu afanye hivi. Mara baada ya watu kula, asingoje kuosha vyombo kwanza. Wali unaobaki autandaze kwenye sinia au bakuli pana, usizidi unene wa vidole viwili, ili joto litoke upesi. Usizidishe saa moja tangu uutoe jikoni. Kisha utie kwenye chombo chenye kifuniko na uweke ndani ya jokofu. Sufuria nzima isiingizwe, kwa kuwa wali wa katikati hukaa na joto muda mrefu.

Kesho yake ukaangwe wote. Usiulaze siku ya pili, na ukishakaangwa usihifadhiwe tena ili upashwe mara nyingine. Umeme ukikatika usiku na asubuhi ukakuta jokofu limepoteza ubaridi wake, wali huo usipewe watu. Kuumwaga kunauma, lakini wali wa sahani tatu ni rahisi kuliko nauli ya kwenda hospitali usiku.

Kwa asiye na jokofu

Mama wa Kisarawe asiye na jokofu asidhani kwamba chakula hiki si chake. Wali wake autayarishe jioni ileile. Apike wali kwanza kwa maji pungufu, kisha autandaze kwenye sinia mbili mahali penye upepo, aufunike kwa kitambaa chepesi au chandarua kidogo cha kuzuia nzi. Kwa nusu saa mpaka saa moja unakuwa umepoa na kukauka. Katika muda huo anaogesha watoto, anachambua dagaa na kukata mboga. Kisha anakaanga, na wote wanakula palepale.

Kwake yeye dawa kubwa ni kipimo. Apike wali wa kuliwa ukaisha. Nusu kilo ya mchele, pamoja na mboga na mayai tutakayotaja, yatosha baba, mama na watoto wanne. Pima mchele kwa kikombe kilekile kila siku, nawe baada ya juma moja utakijua kiasi cha nyumba yako. Ukipima hivyo, hakuna wali wa kulala.

Mahitaji (kwa watu 6)

Mchele nusu kilo
Maji robo tatu ya lita
Mayai 4
Dagaa mchele wakavu kikombe 1
Vitunguu maji 2
Vitunguu saumu punje 5
Karoti 2
Pilipili hoho 1
Njegere mbichi zilizochemshwa kikombe 1, au chainizi fungu 1
Majani ya vitunguu fungu 1
Mafuta ya kula vijiko vya mezani 6
Ndimu 1
Sukari nusu kijiko cha chai
Pilipili mbichi 1, kwa wanaopenda
Korosho zilizokaangwa konzi 1
Chumvi kidogo

Kama huna mayai manne, tumia mawili. Kama huna njegere, tumia kabichi iliyokatwa nyembamba. Chakula hiki hakina ugomvi. Vitu visivyobadilishwa ni vitatu: wali uliopoa, moto mkali na dagaa.

Kutayarisha mchuzi wa dagaa

Chambua dagaa, toa vichwa na matumbo, waoshe upesi kwa maji ya vuguvugu kuondoa mchanga, kisha wakaushe. Wakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka wawe wakavu na wenye kulia mdomoni. Nusu yao weka kando. Nusu nyingine twanga kwenye kinu pamoja na punje mbili za vitunguu saumu na ile pilipili. Ongeza sukari, vijiko vinne vya maji ya moto na maji ya nusu ndimu. Koroga. Huo ndio mchuzi wetu badala ya "nuoc mam". Hautakuwa sawasawa na ule uliokaa mapipani miezi mingi, lakini utaleta ladha ya samaki, chumvi na uchachu inayoufanya wali huu uwe wa Kivietnam. Uonje kabla ya kutia chumvi mahali popote, kwa kuwa dagaa wengine hukaushwa kwa chumvi nyingi.

Namna ya kupika

1. Wali uliopoa uvunjevunje kwa vidole vilivyonawiwa vizuri, mpaka pasiwepo bonge. Kazi hii usiifanye ndani ya karai, maana utauponda.

2. Kata mboga zote ndogondogo, za ukubwa wa punje ya njegere. Mboga kubwa huchelewa kuiva na kutoa maji. Kila kitu kiwe kwenye kibakuli chake, mkononi mwako. Karai likishapata moto hakuna nafasi ya kutafuta kisu.

3. Weka karai la chuma kwenye moto mkali. Kwa wanaotumia mkaa, ngoja mpaka wote ushike na kuwa mwekundu, ndipo uanze. Tia vijiko viwili vya mafuta. Yakipata moto mimina mayai yaliyopigwa, koroga kwa mwiko, na yakianza tu kushikana yatoe uweke kwenye sahani.

4. Ongeza vijiko vitatu vya mafuta. Tia vitunguu maji na saumu iliyobaki, geuza mpaka vinukie bila kuwa vyeusi. Tia karoti, baada ya dakika mbili tia hoho na njegere au chainizi. Geuza dakika mbili nyingine. Mboga zibaki na ukakasi wake.

5. Tia wali. Ikiwa karai ni dogo, gawa mboga na wali ukaange kwa mafungu mawili. Karai likijaa mno moto hushindwa, wali huanza kutoa mvuke badala ya kukaangika, na bokoboko hurudi kwa mlango wa nyuma. Utandaze wali, uache kidogo uguse chuma, kisha geuza kutoka chini kwenda juu. Rudia hivyo kwa dakika tano au sita, mpaka wali wote uwe wa moto kabisa na uanze kuruka kidogo.

6. Nyunyiza mchuzi wa dagaa kuzunguka kingo za karai, usiumimine mahali pamoja. Geuza upesi. Rudisha mayai, tia majani ya vitunguu na wale dagaa wazima. Onja, ongeza chumvi ikihitajika.

7. Epua, pakua kwenye sinia, nyunyiza korosho juu na uweke vipande vya ndimu pembeni. Kachumbari ya matango na nyanya hufaa sana kuandamana nao.

Mama anayebangua korosho mwenyewe akumbuke kwamba mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na moshi wake huumiza macho na kifua. Zichomwe nje, watoto wakae mbali. Na yule mwenye mtoto asiyepatana na korosho au dagaa aviache. Wali wa mayai na mboga peke yake ni chakula kizuri.

Baba asiyekula kiporo

Wako akina baba ambao wakisikia neno kiporo husukuma sahani. Tusigombane nao, maana mara nyingi wanachokikataa ni kuona wamewekewa kilichosalia. Kwa hiyo usimpelekee wali wa jana uliopashwa tu. Mpelekee chakula kilichopikwa leo, chenye mayai, harufu ya kitunguu na rangi ya karoti. Akiuliza, mwambie kweli, kwamba wali ulipikwa jana, ukahifadhiwa vizuri, na leo umekaangwa kwa sababu ndivyo upikwavyo. Hakuna haja ya kuficha. Mwanamke anayetunza wali wa nyumba yake usimwagwe anatunza jasho la mumewe na lake mwenyewe.

Hali kadhalika, kazi hii isiwe ya mama peke yake. Mtoto wa miaka kumi aweza kuchambua dagaa na kuchagua majani ya vitunguu. Wa miaka kumi na miwili aweza kukata karoti. Nasi tunaposema mtoto, hatusemi binti tu. Kijana wa kiume aliyefundishwa kutandaza wali kwenye sinia mara tu watu wanapomaliza kula amefundishwa jambo litakalomfaa siku atakapokuwa mwanafunzi wa bweni au mpangaji wa chumba kimoja mjini. Kwenye karai la mafuta ya moto hapo mama asimame mwenyewe, na wadogo wakae mbali.

Ukitaka kuanza, anza juma hili. Usibadilishe kitu kingine chochote jikoni mwako, ila badili zile dakika kumi baada ya chakula. Kabla hujakaa, kabla hujaosha vyombo, funua sufuria. Kama wali umebaki, utoe, utandaze, uupoze na uuhifadhi palipo na baridi. Kama huna pa kuuhifadhi, wape waliopo waumalize, au mwite mtoto wa jirani. Anayefanya hivyo kila siku atarudi jioni ya kesho akiwa amechoka kama kawaida, lakini nusu ya kazi yake atakuta imekwisha kufanywa, na chakula atakachowapa watoto kitakuwa cha haraka, kitamu na salama.

Karibuni mezani.